Skuli ya Karafuu Isiwe Chumba cha Madawati

Wanachama wetu wengi wamekwisha kusikia kwamba ghala letu la zamani la magunia litatengenezwa liwe mahala pa kufundishia kazi ya karafuu: kuchuma, kuchambua, kuanika, na kutenga daraja. Ni khabari njema, na sisi tunaoandika ukurasa huu tuliipokea kwa furaha. Lakini ramani iliyoletwa mbele ya Kamati tumeiona, na furaha yetu imepungua. Ramani ile ni ya chumba cha skuli. Ina madawati yaliyofungwa chini, yote yakitazama upande mmoja. Ina ubao mbele na projekta juu ya dari, madirisha madogo ya vioo, na mapaa ya mabati matupu. Mtu akiambiwa kwamba humo watasomeshwa watoto wa darasa la tano atasema vyema. Sisi twasema si pahala pa kumfundishia mtu mzima kazi ya mikono, na twaomba wanachama watupe sikio kabla fundi hajaanza kuchanganya saruji.

Tusifahamike vibaya. Hatuna ugomvi na skuli, wala na ubao na chaki. Hesabu ya mizani, bei ya kilo, namna ya kuisoma stakabadhi, hayo yote yataka ubao, na mwanachama asiyeyajua huibiwa mchana kweupe. Lakini hayo ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Sehemu kubwa haiandikiki.

Mwaka jana mafunzo ya uanikaji yalifanywa katika chumba cha kuazima, na sisi tulikuwapo. Mwalimu alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, na aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Wanafunzi walikuwa watu wazima, na baadhi yao wana wajukuu. Bibi mmoja ambaye ameanika karafuu tangu usichana wake alibanwa katika dawati la mtoto, magoti yakigusa kifua, na miwani yake hakuja nayo. Ukutani ilionyeshwa picha ya karafuu nzuri, kisha picha ya karafuu iliyovunda. Picha zote mbili zilikuwa za rangi ya kahawia, na kwa mtu aliyekaa nyuma zilikuwa karafuu mbili zinazofanana. Mwalimu akauliza, "Kuna swali?" Hapakuwa na swali. Umeme ukakatika, picha zikazimika, na darasa likafungwa kabla ya wakati.

Basi tulipotoka, pale nje chini ya mwembe, mzee mmoja alitia mkono mfukoni akatoa konzi ya karafuu zake. Akasema hizi ndizo alizoambiwa zimeharibika, na yeye haoni kasoro. Watu wakamzunguka. Mmoja akazinusa, mwengine akaivunja moja kwa kucha, mwengine akaitafuna. Yule bibi aliyekuwa kimya ndani ya chumba akasema, "Hizi zililala chunguni usiku mbili kabla ya kuona jua," na mzee akakiri kwamba ndivyo, kwa kuwa mvua ilinyesha na majamvi yalikuwa mabovu. Mwalimu naye akaja, akainusa, na kwa uungwana akasema kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuishika karafuu iliyovunda kwa mkono wake. Kwa muda wa robo saa pale chini ya mwembe tulijifunza zaidi kuliko asubuhi nzima ndani.

Lakini si wote waliobakia nje. Mmoja katika waliokwenda zao mapema alipeleka gunia lake kituoni msimu ule ule, likashushwa daraja kwa sababu ya karafuu zilizovunda. Alipoulizwa kama hakuhudhuria mafunzo, alijibu kwamba alihudhuria, na akaisoma kwa moyo maana ya karafuu iliyovunda neno kwa neno kama alivyofundishwa. Alijua maneno, na pua yake haikufundishwa. Hasara ile ilikuwa ada ya skuli ya mwanawe.

Na tufikiri kidogo kazi yenyewe ilivyo. Mchumaji atakiwa kuchuma tumba likiwa limejaa, chini yake limeanza kugeuka kutoka ukijani kuwa wekundu, na kikofia chake hakijafunguka. Likifunguka thamani imepungua, na likiachwa zaidi huwa mpeta. Siku zenyewe ni chache, na mashada ya mti mmoja hayaivi pamoja. Hilo ni jambo la jicho. Kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo, ni jambo la vidole, na mwenye mazoea huchambua gizani akizungumza. Kuanika ni jambo la viungo vyote. Karafuu zikiwa mbichi jamvini hazina sauti zikipinduliwa, na zikikauka hulia kama changarawe. Kikonyo chake kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio, na kisichokauka hupinda. Ukiibinya kwa kucha hutoa mafuta. Ukitia mkono ndani ya gunia lililofungwa mapema utahisi joto, na joto lile ni khatari. Ukiitupa karafuu njema katika bilauri ya maji huzama au husimama wima, kichwa juu, na iliyokwisha mafuta yake hulala ubavu. Kwa jua zuri karafuu hukauka kwa siku nne au tano, na mbichi za kilo 100 hubakia kavu kama kilo 30 hivi, kwa hivyo mwenye kuuza mapema hudhani amepata uzito kumbe amepata lawama.

Sasa tuulize, katika hayo yote ni lipi lafundishika na mtu aliyekaa dawatini, mikono juu ya meza, akitazama ukuta?

Wako watakaosema kwamba siku hizi wataalamu wamegundua kuwa kila mtu ana namna yake ya kujifunza, huyu kwa macho, huyu kwa masikio, yule kwa mikono, na kwamba mahala pa mafunzo pagawanywe hivyo. Tumeyasikia hayo katika semina zaidi ya moja. Yapasa tuwe waangalifu. Mwaka 2008 wataalamu wanne wa saikolojia wa Marekani, wa kwanza wao Harold Pashler, waliupitia ushahidi wa maneno hayo, na hawakuona uthibitisho wa kutosha kwamba mtu hufaidika akifundishwa kwa namna inayodaiwa kuwa ni yake. Kwa hivyo sisi hatutaki chumba cha wenye macho na chumba cha wenye mikono. Twataka jicho, pua, sikio, ulimi na kidole vya kila mtu vifanye kazi, kwa sababu karafuu yenyewe ndiyo yenye rangi, harufu, sauti, ukali na uzito. Somo huchagua kiungo, na mwanafunzi akalifuata somo.

Wala hili si jambo jipya duniani. Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907 aliyakataa madawati yaliyofungwa chini, akaweka meza na viti vyepesi vya kuhamishwa, na vitu vya kushika, kupima na kunusa. Alifanya hivyo kwa watoto wadogo, na ni ajabu kwamba baada ya miaka zaidi ya 100 watu wazima bado twafungiwa madawati. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" huko Bara iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi, wakaisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaondoka pale walipokaa wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi hawakuwa na chumba. Kivuli chao kilikuwa cha mti, na somo lilikwisha kwa jembe.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Indonesia, ambao wametutangulia sote kwa wingi wa karafuu, na nyingi huzivuta wenyewe katika sigara zao. Somo lao halikuwa la karafuu, lilikuwa la mpunga. Dawa za wadudu zilikuwa zimepigwa kupita kiasi hata zikaua wadudu wanaowala waharibifu, na waharibifu wakazidi. Mwaka 1986 Serikali yao ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na mwaka 1989 zikaanzishwa skuli za mashambani. Wakulima walikutana kila wiki tangu kupanda hata kuvuna. Waliingia kondeni asubuhi, wakahesabu wadudu kwa mikono yao, kisha wakakaa kivulini wakachora walichokiona juu ya karatasi kubwa na kujadiliana nini cha kufanya. Mwalimu alikuwa mwulizaji zaidi kuliko msemaji. Mtindo huo umeenea nchi nyingi, na sisi twaujua kwa jina la shamba darasa. Wengi wetu tumeupitia kwa mboga na muhogo. Kwa nini karafuu, ambayo ndiyo inayotulisha, irudishwe ndani ya kuta nne?

Basi twapendekeza nini? Ghala lile lina sakafu nzuri, na hiyo ndiyo mali yake kubwa. Isifungwe madawati. Ibakie wazi, itandikwe majamvi, na katika pande tatu ijengwe baraza ya mawe kama baraza za nyumba zetu, ya kimo cha kukalika na mzee bila ya kuinuliwa. Baraza ni skuli yetu ya asili. Watu hukaa wakaonana nyuso, na anayesema hana haja ya kupanda jukwaani. Viti vyepesi vya kukunja viwekwe kwa wenye maumivu ya magoti na viuno. Ubao uwe wa magurudumu, uje ukihitajika na uondoke ukimaliza kazi. Projekta hatuikatai, khasa kwa kuonyesha maradhi ya miti na mambo ya mbali, lakini isiwe ndiyo kibla cha chumba.

Juu ya mwangaza tuna neno kali kidogo. Rangi ya karafuu haihukumiwi chini ya taa, wala chini ya karatasi za plastiki za rangi ambazo siku hizi hutiwa mapaani ili kuleta nuru. Taa nyeupe huifanya karafuu njema ionekane imepauka, na plastiki ya kijani huificha iliyovunda. Ukuta wa kaskazini uvunjwe nusu, uachwe wazi na kuzungushiwa turubali la kukunjua, ili mwangaza wa mchana uingie bila ya jua kupiga machoni. Hapo hata macho yenye uzee yataona.

Na mapaa. Mtu aliyekaa chini ya mabati wakati wa mvua ya masika anajua kwamba hapo hapana mwalimu wala mwanafunzi, kila mtu hutazama midomo ya mwenziwe. Tena mchana wa kiangazi joto lake huwatia watu usingizi kabla ya somo kufika nusu. Makuti yana baridi na kimya, lakini hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na huogopwa kwa moto. Hatutaki kuitia Kamati gharama isiyokwisha. Ikibidi mabati, na yawe mabati, lakini chini yake itengenezwe dari ya majamvi au ya ukili, yenye nafasi ya upepo kupita katikati. Wasukaji tunao katika chama hiki hiki, na fedha itabakia kwetu.

Pua nayo yataka nafasi yake. Wenye kazi hii wanajua kwamba pua huchoka upesi. Baada ya kunusa vikopo vitano vya karafuu, cha sita hakina harufu. Kwa hivyo vielelezo viwekwe katika mikebe yenye vifuniko, kila namna na mkebe wake: njema, iliyovunda, mpeta, iliyochanganyika na makonyo, iliyoingia moshi, iliyoanikwa juu ya lami. Ufunguliwe mmoja mmoja, na watu watoke nje wapunge hewa kisha warudi. Hapo tena utaona faida ya chumba chenye njia pande mbili. Jiko la chai liwe upande unaokwenda upepo, na jenereta mbali zaidi, maana hatutaki watu wafundishwe harufu ya dizeli.

Nje ya ghala iko mikarafuu mitatu mikongwe. Ramani imeitia alama ya kukatwa ili kupata pahala pa kuegesha magari. Hili ndilo lililotuudhi kuliko yote. Miti ile ndiyo darasa la kwanza! Kila msimu watu wetu huanguka, na wako waliovunjika migongo na waliokufa. Kupanda hakufundishwi kwa picha. Afundishwe kijana, juu ya tawi la chini kwanza, namna ya kufunga kamba, ya kulijaribu tawi kwa mguu kabla ya kulipa uzito, ya kulivuta shada kwa upembo badala ya kulinyoosha mwili. Kadhalika afundishwe kutovunja matawi, maana kila jeraha la mkarafuu ni mlango wa kuvu linaloleta ugonjwa wa kukauka matawi, na mchumaji mwenye haraka leo humkausha mwenye shamba miaka ijayo. Mmoja wa miti ile mitatu una tawi lililokufa kwa ugonjwa huo huo. Mwanafunzi akilikata gome kwa kisu ataona mwenyewe ugonjwa ulipofika na uzima ulipoanza. Kitabu gani kitamwonyesha hivyo? Magari na yaegeshwe barabarani.

Wanawake wa chama wametuomba tuwatajie, nasi twawataja kwa sababu wao ndio wengi katika kuchambua na kuanika, na katika mafunzo huwa wachache. Si kwa kutotaka. Mafunzo huanza saa mbili asubuhi, wakati wa kazi za nyumbani, na mahala hapana pa kumlaza mtoto. Chumba kisichofungwa madawati chaweza kugawanywa kwa pazia, upande mmoja mkeka wa watoto na bibi wa kuwaangalia. Na kwa nini kila somo liwe asubuhi? Kuchambua hufanywa usiku, basi na kufundishwe usiku, kwa taa, karafuu mbichi zikiwa katikati na watu wakizungumza. Somo la jamvi lifanywe mchana jua linapopiga, na la mti asubuhi kabla ya joto. Yawepo maji ya kunawa na pahala pa kusali, ili watu wasitawanyike saa ya adhuhuri na kutorudi.

Tumesikia hoja moja iliyosemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba wageni na wakubwa wakija kukagua hawatapenda kuona watu wamekaa majamvini, wataona kwamba fedha imepotea. Twajibu kwamba mgeni aketi jamvini naye, apewe karafuu tatu mkononi, aulizwe ipi imevunda. Akishindwa, atajua kwa nini tumejenga hivi.

Hoja nyengine ni ya haki zaidi. Mwekahazina anauliza, je, nyumba hii itakaa bure miezi ambayo hapana mafunzo, na msimu ukifika je? Hapo ndipo sakafu wazi inaposhinda madawati. Mvua ya ghafla ikija wakati wa msimu, mwanachama ambaye nyumba yake ndogo ataweza kukimbiza majamvi yake humo badala ya kuzirundika mbichi chunguni au kumbini, kwa zamu na kwa daftari. Siku nyengine patafanywa mikutano, na ikibidi arusi kwa ada ndogo. Vyombo vyote, yaani mizani, pishi, kipimo cha unyevu, kamba na mikebe, vitundikwe ukutani ambako kila mtu avione na kuvifikia. Hatukubali vifungiwe ndani ya kabati ambayo ufunguo wake umekwenda mjini. (Hili limetokea, na mwenye ufunguo anajijua.)

Yako mambo mawili ambayo hatuna hakika nayo, na twayaacha kwa Kamati. La kwanza ni cheti. Vijana wanakitaka, na wana haki, kwa sababu kwa mwajiri wa kiwandani au dukani cheti ni ushahidi. Sisi twapenda kitolewe kwa mtihani wa jamvi: mtu apewe pishi ya karafuu zilizochanganywa, azitenge, aseme kila moja ilipata nini, na wazee watatu wawe wasikilizaji. La pili ni mwalimu. Yule kijana msomi wa mwaka jana tungependa arudi, kwa sababu anajua yale tusiyoyajua ya maradhi na ya masoko. Lakini akae pamoja na bibi, mmoja upande huu wa jamvi na mwengine upande ule, na wote wawili walipwe. Mpaka sasa bajeti inamtambua mmoja tu.

Kamati itakaa kuitazama ramani kabla ya mvua za vuli. Wanachama wanaotaka kusema waje, au walete maneno yao kwa katibu, kwa maandishi au kwa simu. Na tuna ombi jengine dogo. Mikebe ya vielelezo yataka kujazwa, na karafuu njema tunazo tele, lakini mbovu kila mtu huzificha. Mwenye karafuu zilizovunda, zilizoingia moshi au zilizoanikwa barabarani na alete pishi moja ghalani, hataulizwa jina, na tutazinunua kwa bei ya daraja la kwanza.